Mavimbe Yanayohama

Mke wangu Mwanakhamis alifariki mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mwaka wa 1948. Aliugua homa siku mbili. Siku ya tatu ulimi ukawa mzito, akawa ananitazama tu. Alasiri akakata roho. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka arubaini na mmoja.

Juu ya hilo sina la kuongeza. Nitakayoeleza ni mavimbe yaliyonitoka baadaye, kwa sababu hapa Kibokoni, Mombasa, yalisemwa mengi, na waliosema hawakuyajua.

Mimi ni mshona makubadhi, viatu vya ngozi. Chumba cha chini ndicho duka, juu ndiko ninakolala. Ukuta wa pili anakaa Mwanakuu, mdogo wa marehemu mke wangu. Naye ni mjane. Siku tulipoanua matanga alisimama mlangoni, akasema:

"Shemeji, jiko la dada yangu nimelifunga mimi. Kuanzia leo utakula kwangu."

"Sitaki kukusumbua."

"Sikukuuliza kama wataka."

Kila magharibi akaleta sinia. Mchuzi wa nguru, mbaazi, na mikate ya mofa iliyomwagiwa simsim juu hata mkate wenyewe hauonekani. Mwanakuu hupika kwa mkono mzito. Siku za mwanzo sikuwa nakula, nilikuwa nadonoa tu. Arubaini ilipofika, khitma ikasomwa, watu wakaenda zao, nikabaki mimi na sinia. Nikaanza kula.

Wiki ileile yakanianza.

Nilikuwa nimekaa barazani, isha bado. Mgongo ukaniwasha. Nikajisugua kwenye kizingiti cha mlango. Yakaja mapajani, yakaja tumboni. Nilipojitazama kwenye taa nikaona mwili umevimba vipande vipande, kama ngozi mbichi iliyolowa ikajikunja. Mengine madogo kama kunde, mengine mapana kama kiganja. Katikati meupe, pembeni mekundu. Yaliwaka kama nimepakwa upupu. Nilipoamka kwa sala ya alfajiri hapakuwa na hata moja. Mwili safi, hata alama hakuna.

Nikasema yamekwisha. Jioni yakarudi, na safari hii yakashika mikono na shingo.

"Harara hiyo," Mwanakuu alisema. "Joto limeanza kupanda." Akanisagia liwa nijipake. Liwa ilikuwa baridi, mavimbe yakabaki moto. Dresa mmoja wa hospitali naye akanipa dawa ya upele inayonuka kibiriti. Nikanuka kibiriti, nikaendelea kuwashwa.

Siku ya sita Mwanakuu akabadili neno.

"Shemeji, hii ni husuda. Kuna mtu amekutazama."

"Anitazame nina nini?"

"Una nyumba ya ghorofa."

"Inavuja."

"Hasidi hajali kama inavuja."

Kuwashwa ningevumilia. Nimezoea kukaa kimya na jambo. Lililoniumiza ni jingine.

Tulizaa watoto wanne, akabaki mmoja, binti yetu Khairiya. Ameolewa mtaa wa Kuze na karani wa bandarini. Wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza, mwezi wa saba. Kwetu mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwao kujifungua. Mama yake alikuwa ameshatengeneza kila kitu. Kitanda amekihamishia chumba cha mbele chenye upepo. Kanga kuukuu amezichana na kuzikunja kwa ajili ya mtoto. Alipofariki, Khairiya aliniambia, "Baba, nitakuja vilevile. Nataka kuzaa kwetu." Angekuja mwezi wa nane, mama yake mdogo Mwanakuu amwangalie. Mimi nilikuwa nikiamka nazihesabu siku. Sikuwa na kingine cha kuhesabu.

Basi mtu akapita barazani jioni akaniona mikono. Simjui ni nani. Neno lilifika Kuze kabla yake. Siku ya pili mama mkwe wa Khairiya akamwita Mwanakuu. Mwanakuu akarudi kwangu, akakaa, akajifunua buibui, akajifunika tena.

"Amesema nini?" nikamwuliza.

"Amesema pole."

"Na nini tena?"

"Amesema Khairiya atazalia hukohuko Kuze. Hawezi kumleta mjukuu wake katika nyumba yenye maradhi."

"Maradhi gani?"

"Hakutaja."

"Mwanakuu."

"Ametaja. Ukoma."

Nikaendelea kushona. Nikajidunga sindano mara mbili. Nilijua mtu wa ukoma anapelekwa wapi, na kwamba harudi. Lakini hilo halikunishika sana. Lililonishika ni kile kitanda chumba cha mbele. Kila nikipanda ngazi nakiona kimetandikwa.

Mwanakuu akanipeleka kwa Mwalimu Abdulhalim, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mtaratibu sana. Sina neno baya juu yake. Alinisomea siku tatu mfululizo, hakutaka hata kahawa. Siku ya tatu akanipa chupa ya mafuta aliyoyasomea. Mafuta mazuri, ya simsim, yaliyokamuliwa kwa kinu cha ngamia. Nijipake asubuhi na jioni, na kila mara ninywe kijiko kimoja.

Nikajipaka. Nikanywa. Siku ile mavimbe yakaungana, yakawa mwili mzima ni vimbe moja. Mdomo wa juu ukatuna hata kikombe hakikukaa.

Mwanakuu akafurahi.

"Dawa inamtoa," akasema.

"Inamtoa nani?"

"Aliyemo."

"Mwambie atokee mlango mwingine."

"Usifanye mzaha, shemeji. Ongeza kijiko."

Nikaongeza kijiko.

Ilikuwa hivyo wiki mbili. Wateja wakapungua. Mtu akija ananitazama vidole kwanza, kisha anakumbuka ana shughuli. Msikitini nikawa nakaa mwisho wa safu, mwenyewe, kabla sijaambiwa. Khairiya alinitumia salamu kila siku kwa watu wanaopita. Hakuja. Simlaumu, alikuwa katika amri ya watu.

Aliyekuja ni Kitsao.

Kitsao ni Mgiriama wa Kaloleni. Kazi yake ni utarishi kwa daktari mmoja Mgoa, upande wa Barabara ya Salim. Kutwa anatembea na barua na chupa za dawa, kwa hiyo kila mwezi soli zinamwisha. Akavua makubadhi, akakaa, miguu ikaning'inia barazani. Nikawa najikuna.

"Mzee Jaffar, una nini?"

"Mimi sina kitu. Kiatu chako ndicho kimekufa."

"Nauliza mkono."

Nikamweleza. Sikutumia maneno mengi. Nilipofika kwenye husuda akacheka.

"Nyinyi Waswahili mkiwashwa, la kwanza ni kutafuta nani kawatazama."

"Na nyinyi Wagiriama?"

"Sisi twatafuta nani katuroga. Ni yaleyale." Akaukamata mkono wangu bila woga, akaugeuza. Hakuna aliyekuwa amenishika mkono tangu maneno ya ukoma yaanze. "Jioni yapo, alfajiri hayapo?"

"Ndivyo."

"Basi si ukoma. Ukoma ukija hukaa. Hauendi kazini na kurudi."

"Wewe wajuaje?"

"Bwana wangu amesomea ngozi Bombay. Ngozi tu. Waja watu hata kutoka Tanga. Mimi nawafungulia mlango, nawaona wakiingia na wakitoka."

"Ngozi za watu?"

"Za watu. Za ng'ombe ni wewe."

Akaniambia nije Jumatatu asubuhi. Jumatatu ile sikujipaka mafuta wala kuyanywa, nisije nikanuka mbele ya daktari. Nikavaa kanzu ya Ijumaa. Nikapita Marikiti, nikakata hadi Barabara ya Salim, nikangoja zamu yangu. Daktari alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani, mikono misafi kupita kiasi. Akaniambia nivue kanzu. Nikavua.

Akazunguka nyuma yangu, akarudi mbele.

"Wapi?" akauliza.

"Yamekwenda, bwana daktari."

"Yamekwenda wapi?"

"Sijui. Jioni yatarudi."

"Jioni mimi nimefunga." Hakusema kwa ukali. "Mzee, mimi sikatai maneno yako. Lakini daktari wa ngozi ataka kuona. Njoo siku yapo."

Nikatoka. Kitsao akanisindikiza mlangoni.

"Umemletea daktari ngozi nzima," akasema. "Hata mimi ningekufukuza."

Nilirudi nyumbani nimefedheheka. Nikapokea kazi, mtu mmoja tu aliyekuja siku ile, mgeni asiyejua habari zangu. Nikamsimamisha juu ya kipande cha ngozi, nikachora mguu wake kwa wino, kama ninavyofanya miaka yote. Yeye akaenda zake, mguu ukabaki kwenye ngozi. Nikautazama. Nikaona kwamba la kumpelekea daktari ni hilo.

Jioni, baada ya sinia la Mwanakuu, mavimbe yalipotoka nikachukua kalamu yangu na wino mweusi. Kila vimbe nililoweza kulifikia nikalizungushia mstari ukingoni, kwa uangalifu, bila kukata kona. Mapajani, tumboni, mikononi. Asubuhi mavimbe yalikuwa yameondoka na mistari ipo. Kabla sijatoka Mwanakuu akaja na chupa, akasimama mlangoni hata nikanywa kijiko na kujipaka mkono. Hakuona michoro, kanzu ilinifunika. Njiani, nilipofika Makadara, mapya yakawa yanapanda shingoni.

Nilipovua kanzu, daktari hakucheka. Alivuta kiti akakaa mbele ya tumbo langu kama mtu anayesoma.

"Haya yalikuwa saa ngapi?"

"Baada ya magharibi jana."

"Na hili la mkono?"

"Hili la sasa hivi."

Akapitisha kidole ndani ya mstari mmoja, hamna kitu, ngozi laini. Akapitisha juu ya vimbe jipya nje ya mstari. Akamwita Kitsao aje aone naye. Kitsao akaona, akasema, "Huyu mzee amejipima viatu mwili mzima."

"Nani amekufundisha?" daktari akauliza.

"Hakuna. Ndivyo ninavyopima miguu."

Akachukua pini, akaniambia nifumbe macho. Akanigusa kwa pini huku na huku, juu ya mavimbe na kando yake. Kila akinigusa nikamwambia wapi. Akairudisha pini mezani.

"Sikia, mzee. Ukoma ngozi inakufa, pini haisikii. Na doa lake likija leo, mwezi ujao lipo palepale. Wewe wasikia kila kitu, na mavimbe yako hayakai hata siku moja. Yanahama. Huu si ukoma. Si upele. Si ndui. Hauambukizi mtu. Mtoto mchanga aweza kulala juu ya mkono huu."

Nikakaa. Sikuwa nimeambiwa nikae.

"Rudia hilo la mtoto," nikamwambia.

Akarudia. Nikamwomba aliandike kwenye karatasi. Akasema ataandika, lakini kwanza ataka kujua chanzo. Akanieleza kwamba kuna mwili unaokikataa kitu fulani, kitu ambacho watu wengine wanakitumia na hawadhuriki. Ukikutana nacho, maji kidogo ya damu yanavuja chini ya ngozi, panavimba, panawasha. Maji yakirudi ndani, vimbe linakwisha, linatoka pengine. Mara nyingi, alisema, chanzo hakijulikani hata daktari afanye nini. Lakini tujaribu.

"Yameanza lini?"

"Baada ya arubaini ya mke wangu."

"Pole sana. Kabla ya hapo hukuwa nayo?"

"La."

"Nini kilibadilika?"

"Mke wangu amekufa."

"Kingine?"

"Hakuna kingine."

Akaandika kitu. Akauliza tena, polepole. "Nani akupikia sasa?"

"Shemeji yangu."

"Akupa nini ambacho mke wako hakuwa akikupa?"

Nikafikiri. Samaki walewale. Mbaazi zilezile. Nazi ni nazi. "Mofa," nikasema. "Mke wangu hakuwa akipika mofa. Alipika chapati na mkate wa kumimina."

"Mofa ina nini?"

"Unga wa mtama. Na simsim juu."

"Nyingi?"

"Shemeji yangu hana kidogo."

"Na dawa? Wapaka dawa gani?"

"Mafuta yaliyosomewa. Na nayanywa."

"Mafuta ya nini?"

Nikautazama mkono nilioupaka asubuhi. Kisha nikasema, "Ya simsim."

Daktari akaweka kalamu chini. Kitsao, aliyekuwa bado mlangoni, akatoka nje upesi. Nikamsikia ukumbini akicheka.

Daktari akanipa vidonge. Alisema ni vipya, vimetoka Ulaya baada ya vita, kimoja kila jioni, na vitanilaza. Nisile simsim, nisiinywe, nisiipake, wala nisikae karibu inapokaangwa. Akanionya jambo moja kwa kidole. Mdomo ulishavimba mara moja. Siku ulimi utavimba au pumzi itabana, nisingoje mtu wala nisitafute chanzo, nikimbilie hospitali saa ileile. Nikamwambia nimesikia. Akaandika barua. Kwa Kizungu, lakini aliniambia kila neno lililomo.

Nilirudi nikimfikiria Mwanakuu. Kumwambia mtu kwamba chakula anachokuletea kwa mapenzi ndicho kinachokuumiza, si jambo dogo. Nilimkuta jikoni kwake, unga umemfika kwenye viwiko.

"Shemeji," nikasema, "mofa zako nzuri."

"Nini?"

"Na mafuta nayo mazuri."

"Sema unachotaka kusema. Tangu lini wasifu chakula?"

Nikamwambia. Akasikiliza hata mwisho. Akaosha mikono, akaifuta, akaosha tena.

"Yaani ni mimi," akasema. "Mji mzima twamtafuta hasidi, kumbe hasidi yuwaja na sinia kila magharibi, na kijiko kila asubuhi."

"Hukujua."

"Nilikuambia uongeze kijiko."

"Nami nikaongeza."

Akaanza kulia, kisha katikati ya kulia akasimama. "Ngoja. Dada yangu hakuwa na simsim jikoni. Hata punje. Nilikuwa nikija kuazima, ananiambia hakuna. Miaka yote hiyo. Nilimwona bahili, Mungu anisamehe. Wewe hukuwahi kumwuliza?"

Sikuwahi. Niseme kweli, nilikuwa sijaona. Ila nilipokuwa nimesimama pale jikoni mambo yakaanza kunijia. Tukialikwa harusi, Mwanakhamis alikuwa hanitoi nyumbani kabla sijala nikashiba. Wenzangu walinicheka, wakaniita bwana harusi wa milele, hali ila kwa mkewe. Kashata za simsim alisema zinavunja meno. Nikitaka kukandwa mgongo alikuwa na mafuta ya nazi tu, mengine alisema yananuka. Na mara mbili tatu, nilipotoka mauledini nikawashwa, alinipaka maji ya mwarubaini na kuniuliza moja moja nilichokula, kwa nani, sahani gani. Nilidhani ana wivu.

"Mwulize Bi Swabaha," Mwanakuu akasema. "Kama kuna mtu ajuaye, ni yeye."

Bi Swabaha ndiye aliyekuwa somo wa mke wangu, aliyemfunda na kukaa naye siku za harusi. Ni kizee sasa, hatoki nje, macho hayaoni vizuri. Nilimkuta amelala kitandani, tasbihi mkononi. Alinijua kwa sauti. Nikampa mkono, akaushika.

"Bibi, mke wangu alikuwa na neno juu ya simsim?"

Akasukuma punje chache za tasbihi. Somo ana siri za nyumba za watu, na hazitoi.

"Kwani umekula?" akauliza.

"Mwezi mzima."

"Ndiyo maana nasikia watu wasema una ukoma. Mimi huletewa habari nusu." Akahema. "Basi nitasema, mwenyewe hayupo na wewe ndiye uliye hatarini. Siku ya tatu ya fungate yenu. Kwao walileta mikate ya simsim na asali. Ulikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Ukavimba uso, ukalala. Asubuhi ulikuwa mzima, hukujua. Mama yako alikuwa chumba cha pili. Angeona, angesema nini? Angesema bibi harusi ana kisirani, ameingia tu na mume amevimba. Angerudishwa kwao fungate haijaisha. Tukafunga mlango, nikamwambia mama yako kwamba mmelala. Tulikubaliana tusiseme."

"Na baadaye? Mama yangu alikufa zamani. Mbona hakuniambia?"

"Nilimwuliza hilo. Alisema, nikimwambia atakuwa na hofu katika kila nyumba anayoingia. Yeye mtu wa kukaa na neno likamla. Hofu hiyo acha nikae nayo mimi."

Bi Swabaha aliendelea kuushika mkono wangu.

"Alikuwa na nia ya kukuambia akizeeka," akasema. "Au amwambie Khairiya. Alidhani atauguzwa muda mrefu."

Nikakumbuka siku ile ya tatu, alivyokuwa akinitazama na ulimi hautii. Labda ilikuwa hilo. Labda ilikuwa lingine. Nimeacha kujiuliza. Ila tangu nilipotoka kwa Bi Swabaha kifua changu kilikuwa chepesi kuliko nilivyoingia, na nilipofika uchochoro wa msikiti nililia, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha nikaenda kusali.

Siku ile ile nilipitia kwa Mwalimu Abdulhalim, asije akasikia kwa mtu mwingine. Nilimweleza kwa adabu.

"Kisomo hakikukudhuru," alisema.

"Najua, mwalimu."

"Mafuta ni chombo tu." Akafikiri kidogo. "Basi nitayasomea ya nazi."

Akayasomea ya nazi. Nikayapaka, na vidonge nikameza. Usiku wa kwanza nililala kama gogo. Siku ya pili yalitoka matatu, madogo. Siku ya tano likatoka moja kwenye kifundo cha mguu, kama limekuja kuaga. Baada ya hapo hayakutoka tena. Mwanakuu akanipikia chapati, na kila akileta sinia anasimama mbele yangu hata nimalize, ananitazama shingo.

"Kula basi."

"Nitakulaje nawe wanihesabia matonge?"

"Dada yangu alikuhesabia miaka arubaini hukulalamika."

Barua ya daktari nilimpelekea mkwe wangu ofisini kwake bandarini. Akaisoma pale pale amesimama, akaisoma tena, akaikunja akaitia mfukoni. "Baba, nitaongea na mama," akasema. Mama yake akasema karatasi ni karatasi, na yeye ana macho. Apewe wiki mbili, kisha atakuja kutazama mwenyewe.

Zikapita wiki mbili. Zilikuwa ndefu kuliko miezi. Khairiya alikuwa ameingia mwezi wa nane, na kila siku niliogopa atajifungua hukohuko kabla sijatazamwa. Nilikuwa nikijivua kanzu asubuhi, adhuhuri na jioni kujikagua. Mwanakuu alisafisha chumba cha mbele mara nne.

Siku ya kumi na tano, saa tatu asubuhi, mama mkwe akaja. Khairiya alikuwa nyuma yake, amejitanda, anatembea kwa taabu, na nyuma yao hamali na sanduku. Nikaliona lile sanduku. Mtu haji na sanduku kama hana nia ya kukaa, nilijiambia, lakini sikuthubutu kulitazama mara ya pili.

"Asalaam alaykum, Bwana Jaffar."

"Wa alaykum salaam. Karibu, bibi."

"Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Akanipandisha mikono ya kanzu hadi kwenye viwiko, akanishika kwa ncha ya leso kama anayechagua kanga dukani, akageuza huku na huku mwangani. Akatazama shingo. Akatazama nyuma ya masikio. Mwanakuu alikuwa amesimama ngazini, mdomo ameuma.

"Kuna simsim nyumba hii?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

"Wala kwangu," Mwanakuu akadakia. "Nilizimwagia kuku zote."

Mama mkwe akaiacha ile leso, akanipa mkono mtupu. "Nisamehe, Bwana Jaffar. Mjukuu ni wangu pia."

"Ulifanya sawa."

Akamgeukia hamali. "Pandisha."

Khairiya akasimama mbele yangu. Alikuwa amenenepa, uso umekuwa wa mama yake. Akanibusu mkono, kisha akaubusu tena upande wa pili, palepale palipokuwa pakivimba, akapanda ngazi pole pole, mkono ukutani.

Nikarudi kukaa dukani. Nikachukua kazi. Juu nikasikia sanduku likiwekwa chini, kitanda kikilia, na sauti za wanawake watatu kwa pamoja. Mama mkwe alitaka dirisha la mbele lifungwe, upepo usimpate mja mzito. Mwanakuu alitaka lifungwe nusu. Khairiya hakutaka lifungwe kabisa.

"Baba!" akaita kutoka juu. "Mwambie mama mdogo dirisha libaki wazi!"

"Libaki wazi," nikasema.

Nikasikia Mwanakuu akilifunga.

Nikaendelea kushona.